Ubeti wa Pili wa Hirukawa

Kusunoki Tamotsu ni fundi wa mikeka ya tatami, na ukitaka kumuudhi mwambie kwamba besiboli ni mchezo tu. Mkewe Fusae aliwahi kumwambia hivyo mwaka ule walipooana. Imepita miaka thelathini na minne, na mpaka leo wakigombana juu ya jambo lolote, hata chumvi kwenye supu, Kusunoki hulikumbushia.

Timu yake ni Korongo wa Shiomi. Hapa Shiomi hatuna nyingine. Si timu kubwa, nani atadanganya? Majira ya baridi wachezaji wake wanafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki na kwenye karakana za magari. Uwanja wenyewe uko nyuma ya ukuta wa bahari: jukwaa moja la zege upande wa kituo cha kwanza, kwingine kote ni tuta la majani. Ukikaa mstari wa mbele unaweza kumsalimia mchezaji bila kupaza sauti. Lakini ni timu yetu, na mwaka jana ilikosa ubingwa kwa mchezo mmoja, mmoja tu, ndiyo maana mwaka huu watu walianza kufua fulana zao za buluu kabla hata theluji haijayeyuka.

Aka! Mwaka huu! Heri tungebaki na theluji yetu. Ilipofika katikati ya Agosti Korongo walikuwa wamecheza michezo hamsini na mitano na kufungwa arobaini na mmoja. Wamefungwa kwa pointi kumi, wamefungwa kwa moja. Wamefungwa wakiwa wanaongoza kwa tano, ikabaki zamu ya mwisho, watu wameshaanza kukunja bendera. Siku moja walidondosha mpira mwepesi ambao bibi yangu, Mungu amrehemu, angeudaka kwa aproni huku akiongea na jirani. Mpenzi wa timu anaweza kuvumilia kufungwa, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kufungwa kila Jumamosi na kila Jumapili kwa mtindo ule, jamani, kunachosha mpaka mifupa.

Na Kusunoki si mpenzi wa timu wa kukaa tu na kula. Yeye ndiye kiongozi wa washangiliaji, kazi aliyoishika miaka ishirini na sita. Anavaa glavu nyeupe, filimbi shingoni, anapanda juu ya kreti la bia mbele ya jukwaa, na akiinua mikono tarumbeta zinalia, ngoma inaingia, watu wanaimba. Kila mpigaji wa Korongo ana wimbo wake. Akishika rungu, anaimbiwa wimbo wake mpaka apige au atolewe. Wapinzani wakipiga, sisi tunakaa kimya, kwa adabu.

Sasa tazama jambo lenyewe. Ili watu waione mikono yake, kiongozi lazima awaelekee wao. Maana yake uwanja uko mgongoni mwake. Miaka ishirini na sita amekuwa akiupa mchezo mgongo. Anachokiona ni nyuso zetu, na humo ndimo anamosoma kila kitu. Bibi Okazaki wa mstari wa tatu, mwenye duka la ngisi wa kukaushwa, akijifunika mdomo kwa taulo, ujue mpira umedondoshwa. Akisimama, umepigwa mbali. Akianza kula, mambo yameharibika, hakuna tena matumaini. Michezo ya ugenini Kusunoki huisikiliza redioni akishona mikeka, na sindano ya tatami ina urefu wa kiganja na nusu, hairuhusu macho kwenda kwingine. Kwa hiyo mtu aliyeipenda Korongo kuliko sote ndiye aliyeiona ikicheza kwa uchache kuliko sote. Hakuna aliyewahi kuliwaza hilo, hata yeye mwenyewe.

Alichokuwa nacho ni takwimu za gazetini. Na mwaka huu takwimu zilikuwa na jina moja lililomkera kuliko yote: Hirukawa.

Hirukawa Daigo ndiye nahodha. Ana miaka thelathini na saba, amevaa fulana ya Korongo miaka kumi na minne, na anapiga nafasi ya nne, nafasi ya mtu anayetegemewa. Mwaka jana alipitisha mipira kumi na tisa juu ya ukuta. Mwaka huu, mpaka Agosti, alikuwa amepitisha mmoja. Wimbo wake aliutunga Kusunoki mwenyewe, mwaka ule kijana alipokuja mjini na begi moja na viatu vilivyotoboka. Alitunga beti mbili nyuma ya karatasi ya vipimo, akamwandikia barua, akaitia posta. Jukwaani tuliimba ubeti wa kwanza tu, na ule wa pili hatukuwahi kuufikia. Basi ukasahaulika.

Jumatano ile Kusunoki aliwaita washangiliaji wake kwenye karakana yake. Walikuja kumi na tisa, wakakaa juu ya mikeka mipya inayonuka majani mabichi. Hata chai hakuwapa.

"Jumapili," alisema, "Hirukawa akishika rungu, tunaweka tarumbeta chini. Bendera chini. Ngoma kimya. Hakuna wimbo."

Hapa kwetu hatuwazomei wachezaji wetu. Tukikasirika mpaka mwisho, tunamnyamazia mtu. Tumefanya hivyo mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, tukamfanyia mrushaji mmoja aliyekuwa mlevi. Alinyamaziwa Jumapili, Ijumaa akarudisha fulana, akaenda mkoa mwingine kuendesha malori. Kwa hiyo kila aliyekaa pale alijua kiongozi anataka nini. Alitaka Hirukawa aondoke.

Aliyefungua mdomo ni Chinatsu, mpiga tarumbeta, dada wa miaka ishirini na tisa anayefanya kazi kaunta ya posta na asiyemuogopa mtu.

"Kiongozi, kwa nini yeye? Timu nzima imeoza. Mbona kuna wengine wanadondosha mipira kama wamepakwa mafuta mikononi?"

"Hao ni watoto. Mtoto akikosea anafundishwa. Yeye ni nahodha."

"Nahodha aliyetupigia mipira kumi na tisa mwaka jana."

"Mwaka jana! Hata mimi mwaka jana nilikuwa na nywele."

"Mwaka jana hukuwa na nywele, Kiongozi."

Watu wakacheka, na hapo ndipo Kusunoki alipokasirika kwelikweli. Alipiga mkeka kwa kile kiwiko chake chenye sugu ngumu, sugu ya miaka arobaini ya kukazia nyuzi.

"Nimesimama kwenye lile kreti kila mechi ya nyumbani! Nimemwimbia mpaka koo limepasuka! Yeye anajikokota kwenda kituo cha kwanza kama anaenda kulipa faini. Hataki tena. Mtu asiyetaka haimbiwi. Wimbo niliutunga mimi, na mimi ndiye ninayeuweka kabatini. Anayetaka kupiga tarumbeta Jumapili, avae glavu zangu akaongoze yeye."

Nani angevaa glavu zile? Wakakubali. Chinatsu naye alikubali, ila wakati wa kuondoka alisimama mlangoni akivaa viatu polepole.

"Umemwona akijikokota?" aliuliza.

"Kila mtu anasema."

"Mimi nimekuuliza wewe, umemwona?"

Kusunoki akamwambia akawahi basi lake.

Nyumbani Fusae alikuwa ameshazipata habari; mji huu hauna siri. Alimwekea mumewe samaki na bakuli la supu, akakaa mbele yake.

"Baba, hasira hasara."

"Umeanza."

"Sijaanza kitu. Nakuuliza tu, akiondoka Hirukawa, nani atapiga nafasi ya nne? Wewe?"

Kusunoki akasema supu haina chumvi, na sote tunajua mazungumzo yalielekea wapi baada ya hapo.

Jumapili jua liliwaka kama lina kisasi na sisi. Mchezo ulianza saa saba mchana. Tulikuwa kama mia nne jukwaani, taulo zimelowa vichwani. Zamu ya pili kati ya zile tisa, wapigaji watatu wa kwanza wakiwa wameshatolewa katika ya kwanza, kipaza sauti kikataja jina lake: nafasi ya nne, mlinzi wa kituo cha kwanza, Hirukawa. Kusunoki akashusha mikono. Tarumbeta zikawekwa chini. Bendera kubwa ya korongo ikakunjwa. Watu wengine jukwaani, wasiojua, waliimba mistari miwili wakaona wako peke yao, wakanyamaza kwa aibu.

Lo! Kimya kile. Ungesikia bahari nyuma ya ukuta. Ungesikia barafu kwenye bilauri ya mtu.

Naye Kusunoki akajikuta hana kazi. Kiongozi asiye na wimbo afanye nini na mikono yake? Alishuka kwenye kreti, akavua glavu, akazitia mfukoni. Nyuso mia nne zilikuwa zikimtazama, na macho ya Bibi Okazaki hayakuwa ya kirafiki. Ili kuyakwepa, akageuka.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba uwanja ni mdogo. Alikuwa anaukumbuka mkubwa. Cha pili ni Hirukawa, na huyo alikuwa amezeeka. Kwenye kumbukumbu yake kulikuwa na kijana wa viatu vilivyotoboka. Aliyesimama pale alikuwa mtu mzima mwenye shingo nene na ndevu zenye mvi pembeni. Mpira wa kwanza ulipita. Wa pili akaupiga, ukabiringika hafifu kumwendea mrushaji, mpira wa kutolewa kabla hujafika nusu ya njia. Mchezaji yeyote mwenye akili angetembea. Hirukawa alikimbia. Alikimbia kwa nguvu zote na mguu wa kushoto haukukubali kukunjika, aliutupa mbele kama fimbo, akaufuata, akautupa tena, mpaka kituoni, alipofika kila mtu alikuwa ameshahesabu kwamba ametolewa. Akainama akishika goti.

"Hivyo ndivyo anavyokimbia?" Kusunoki alimuuliza Bibi Okazaki.

"Tangu Mei," alijibu Bibi Okazaki. "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa hapo hapo, juu ya kreti. Alirudi juu yake kumwimbia mpigaji wa tano, akainua mikono kwa wakati usio wake, Chinatsu akamtazama. Zamu nzima ya tatu aliongoza kama mtu aliyemeza mfupa. Ubishi nao ni mzigo. Kama goti lilikuwa bovu, kwa nini Hirukawa hakusema? Kwa nini asipumzike? Alijisemea hayo moyoni na kila jibu alilolipata halikumtosha. Amri ilikuwa imetolewa mbele ya watu kumi na tisa, na mtu mzima halambi matapishi yake hadharani.

Zamu ya nne ikafika. Tulikuwa nyuma kwa nne kwa sifuri, Korongo wawili wako vituoni, mmoja ametolewa, na anayefuata ni Hirukawa. Wapinzani wakaomba kubadilisha mrushaji. Hapo mchezo husimama dakika tatu nne, mrushaji mpya akipasha mkono, na mpigaji anasubiri ndani ya duara lake la chokaa, hatua kumi hivi kutoka kwenye uzio wetu. Siku za kawaida ndipo tunapomwimbia kwa nguvu zote. Siku hiyo, kimya. Kusunoki akaagiza safari hii tarumbeta zitiwe kabisa kwenye mifuko, akashuka tena, akasimama kwenye uzio.

Hirukawa alikuwa amewapa mgongo. Alikuwa akizungusha rungu polepole, na kila mzunguko aligonga chini mara moja kwa kisigino cha mguu mzima, wa kulia. Tap. Tap, tap. Kusunoki alilijua lile pigo. Ni ngoma ya wimbo wake. Kisha akasikia sauti, ndogo, ya mtu anayeimba akiwa kazini bila kujua kama anaimba:

"Piga, Hirukawa, piga,
bahari iko nyuma yako;
ukuta hauna mlango,
upitishe juu mpira wako."

Mtu mzima anajiimbia mwenyewe, kwa sababu wenye kumwimbia wamekataa! Kusunoki alishika waya za uzio. Mrushaji bado alikuwa anapasha mkono. Hirukawa akazungusha rungu, akagonga kisigino, akaendelea, na yaliyofuata hakuna mtu Shiomi aliyewahi kuyaimba:

"Ukikosa, Hirukawa,
kesho jua litachomoza;
sisi hatuna pa kwenda,
tuko hapa, tunangoja."

Kusunoki alihitaji muda kuyatambua maneno yale kuwa ni yake. Alipoyatambua aliona haya, haya ya kweli, uso ukamwaka mpaka masikioni. Ni yeye aliyeandika *ukikosa*. Ni yeye aliyeandika *tunangoja*. Alimwandikia mtoto wa watu ahadi, akaitia stempu, akaituma, akaisahau. Na mwenzake akakaa nayo miaka kumi na minne.

Hirukawa akatoka kwenye duara, akaenda kushika nafasi yake. Kusunoki aligeuka kuwaelekea watu wake.

"Piga!" alimwambia Chinatsu.

"Nipige nini? Si umesema wimbo uko kabatini?"

"Dada, tafadhali."

"Tarumbeta ziko kwenye mifuko. Nne zote. Wewe ndiye uliyesema ziwekwe kwenye mifuko." Lakini mikono yake tayari ilikuwa inahangaika na zipu.

Mpira wa kwanza ukapita katikati, kosa la kwanza. Wa pili akaupiga ukatoka nje ya mstari, kosa la pili. Lilibaki moja, maana la tatu humtoa mpigaji. Zipu ikakwama. Kusunoki hakungoja. Alipanda kwenye kreti, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alipanda akiuelekea uwanja, mgongo kwetu, bila glavu, bila filimbi, akafungua mdomo akaimba. Na katika kuchanganyikiwa kwake akaanza na ubeti wa pili.

Jamani, sauti ile! Mtu huyu ameongoza nyimbo maisha yake yote kwa mikono na filimbi, hatukujua kwamba akiimba peke yake anafanana na mlango wa ghala. "Ukikosa, Hirukawaaa!" Tulitaka kumsaidia, kweli tulitaka, lakini ubeti wenyewe hatuujui, na mikono yake hatuioni. Kila mtu akaingia pale alipoweza. Ngoma ikaanza ubeti wa kwanza, Bibi Okazaki akaimba wimbo wa mpigaji wa tano. Ilikuwa vurugu tupu.

Hirukawa alishtuka. Mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwa mrushaji, naye akageuza kichwa, kidogo tu, kuelekea jukwaa. Akazungusha rungu akachapa hewa. Kosa la tatu. Ametolewa.

Zipu ya Chinatsu ikafunguka.

Tulifungwa sita kwa moja. Mara ya tatu Hirukawa aliimbiwa kama inavyotakiwa, tarumbeta nne, ubeti wa kwanza, na akapiga mpira wa juu uliodakwa bila shida yoyote. Sitawadanganya kwamba aliupitisha ukutani.

Mchezo ukiisha, hata tukifungwa vipi, wachezaji wetu hujipanga nje ya lango, wanawashukuru watu mmoja mmoja wakitoka. Ndiyo desturi. Miaka yote Kusunoki alikuwa akitokea mlango wa nyuma na ngoma na bendera, na mwaka huu pia ili asiwape mkono. Siku hiyo alipanga foleni. Chinatsu alikuwa nyuma yake na mfuko wa tarumbeta, akimsukuma mgongoni kila alipopunguza mwendo.

Hirukawa alikuwa wa mwisho kwenye mstari, barafu imefungwa gotini kwa kitambaa. Akavua kofia.

"Mzee Kusunoki. Asante kwa kuja."

"Nimekukosesha ule mpira," alisema Kusunoki.

"Ndiyo. Umenikosesha."

"Na kabla ya hapo nimekunyamazia. Mimi, si hawa. Hawa waliniambia nisifanye."

Watu waliokuwa nyuma walijifanya hawasikii, na wote walikuwa wanasikia.

"Ilikuwa vigumu," alisema Hirukawa. "Mzee, hilo sikufichi. Nikasema basi, Ijumaa napeleka fulana ofisini."

Kusunoki akainama, kiuno mpaka chini, kwa muda mrefu kuliko anavyoinama msibani. Alipoinuka, cha ajabu, ni Hirukawa aliyeanza kutabasamu.

"Ule ubeti wa pili," alisema. "Nilidhani naujua peke yangu."

"Na mimi nilikuwa nimeusahau."

"Unauimba vibaya sana, Mzee."

"Najua."

"Unapanda pale pa kushuka."

"Kijana, wimbo ni wangu!"

Chinatsu alicheka kwa sauti, na foleni nzima ikapata ruhusa ya kucheka. Hirukawa akavaa kofia yake, akaivuta mbele mpaka karibu na macho.

"Jumamosi mnakuja?" aliuliza. Aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza jambo jingine.

Kusunoki alimtazama, macho kwa macho, hatua moja kati yao.

"Tuna pa kwenda, basi?"

Alhamisi aliyaandika maneno ya ubeti wa pili kwenye karatasi ya vipimo, Chinatsu akatoa nakala mia nne huko posta na akakataa kusema aliyempa ruhusa. Ijumaa hakuna fulana iliyorudishwa. Jumamosi tuliimba beti zote mbili, Kusunoki juu ya kreti akiwa amesimama upande upande, jicho moja kwetu na jingine uwanjani, jambo ambalo halijawahi kufanywa na kiongozi yeyote na linaharibu mapigo. Tukafungwa saba kwa mbili.